Maswali na majibu: mbunge, kadi na msimamo wa chama

Shikamoo mzee. Mbunge wetu huiponda bajeti mpaka tunapiga makofi, halafu anamalizia “naunga mkono hoja”. Si unafiki huo? – Muuza dagaa, Kibirizi

Marahaba mwanangu. Unafiki upo, lakini usiwavishe wote. Kura ya bajeti ya Serikali hupigwa kwa kuitwa majina, mmoja mmoja, na kila “ndiyo” au “hapana” inasikika. Halafu kuna ibara ya 90 ya Katiba ya Tanzania: Bunge likigoma kupitisha bajeti, Rais anaweza kulivunja, na wote warudi kwa wapiga kura. Nani anataka kuanza kampeni upya mwaka wa pili?

Ugomvi wenyewe huishia kwenye kikao cha wabunge wa chama, milango ikiwa imefungwa. Humo wanachambana kwelikweli. Wakishatoka na msimamo mmoja, anayeendelea kupinga ukumbini ndiye anayeitwa msaliti.

Mtazame zaidi kwenye bajeti za wizara. Huko anaweza kushika shilingi, yaani kutoa hoja ya kupunguza shilingi moja kwenye mshahara wa waziri, mpaka apate maelezo. Mara nyingi shilingi hurudishwa. Aliyeirudisha baada ya kupewa tarehe ya mradi wa maji, mimi namhesabu kuwa amefanya kazi. Aliyeirudisha kwa sababu waziri amemsifu, huyo mkamateni akija sokoni.

Akipinga chama chake anafukuzwa ubunge? – Mwalimu, Kasulu

Kwa kura yenyewe, hapana. Ibara ya 100 inalinda uhuru wake wa kusema bungeni. Ila ibara ya 71 inasema akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka, kiti kimekwenda. Kwa hiyo chama kikimvua uanachama, kiti kinafuata.

Sisi wa Kigoma hatuhitaji mfano wa mbali. David Kafulila wa Kigoma Kusini alivuliwa uanachama na NCCR-Mageuzi mwaka 2011, akakimbilia mahakamani, akabaki bungeni mpaka 2015. Zitto Kabwe alivuliwa vyeo CHADEMA mwaka 2013, naye akaenda mahakamani. Machi 2015 aliondoka chamani na bungeni, kisha mwaka huohuo akarudi kama mbunge wa Kigoma Mjini kwa tiketi ya ACT-Wazalendo. Si wengi wenye jina la kuwabeba hivyo. Na wale wanawake 19 wa viti maalum waliofukuzwa na CHADEMA mwaka 2020 waliendelea kukaa bungeni huku kesi ikisikilizwa. Kwa hiyo sheria ni kali, lakini ukali wake unategemea nani anataka iume.

Na Mzee Sitta wetu aliwezaje kwenda kinyume na chama? – Mkulima wa tumbaku, Urambo

Samuel Sitta alikuwa Spika kuanzia 2005, na Bunge lake ndilo lililounda kamati ya kuchunguza mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu Februari 2008. Chama chao, CCM, hakikusahau. Mwaka 2009 alibanwa vikali kwenye Halmashauri Kuu ya CCM. Mwaka 2010 mlimrudisha bungeni, lakini chama kikaamua mgombea uspika awe mwanamke, na kiti akakalia Anne Makinda. Urambo ilimpa ubunge. Uspika haukuwa mikononi mwa Urambo.

Kura ikiwa ya siri, si watakuwa huru? – Kijana, Nzega

Watakuwa huru hata dhidi yako, maana hutajua alipiga nini. Kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu tayari ni ya siri, lakini hoja hiyo kwanza inataka saini za asilimia 20 ya wabunge. Mwaka 2012 Zitto alipozikusanya, Deo Filikunjombe wa Ludewa, mbunge wa CCM, alitia yake waziwazi.

Dawa ninayoiamini ni mgombea binafsi. Leo mbunge akikatwa jina baada ya kura za maoni za chama chake, hana mlango mwingine ila kuhamia chama kingine. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, pale Arusha, ilishaamua mwaka 2013 kwenye kesi ya Mchungaji Mtikila kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki. Mbunge akija Nzega kuomba kura, muulize anasemaje kuhusu hukumu hiyo.