Barua kwa mwanangu: adesi za Castelluccio

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Umeuliza mbona adesi za Castelluccio ulizonunua Norcia, huko Italia, ni ghali vile, na kwa nini zilikuvurugikia chunguni zikawa uji.

Ghali ni kwa sababu ya kule zinakotoka. Castelluccio ni kijiji cha mlimani, mita 1,452 juu ya usawa wa bahari, na mashamba yako chini yake kwenye uwanda wa Piano Grande. Hupandwa theluji ikishayeyuka, huvunwa mwishoni mwa Julai na Agosti. Mmea ni mfupi na maganda hayaivi kwa pamoja: ukiwahi, punje mbichi; ukichelewa, yanapasuka zinamwagika. Zamani zote ziling'olewa kwa mkono. Yale maua mekundu na ya buluu yanayowavuta watalii Juni na Julai ni magugu. Ua la adesi lenyewe ni dogo, limepauka, hulioni mpaka uiname. Tetemeko la 30 Oktoba 2016 liliangusha sehemu kubwa ya kijiji na kukata barabara, lakini mwaka uliofuata wakulima walipandisha matrekta wakapanda. Hapo ndipo ninapowavulia kofia.

Sasa uji wako. Umesema uliziloweka usiku kucha. Kosa ni hilo. Ganda lake ni jembamba mno, haziloweki. Kwa watu wanne chukua gramu 300, zichague kwenye sinia maana vijiwe havikosekani, uzioshe. Tia maji baridi lita moja na robo, kijiti cha selari na punje ya kitunguu saumu. Zikichemka punguza moto, zitokote polepole. Moto mkali huzipasua. Onja dakika ya 20, hazipiti 30. Chumvi mwishoni. Nyanya, ukitaka, zingoje zilainike kwanza, kwani ukali wake hukaza ganda. Mimina na mchuzi wake juu ya mkate uliochomwa, kisha mafuta ya zeituni mabichi. Tui liache kwa adesi za nyumbani. Hizi litazifunika ladha.

Wenyeji huzila na soseji za nguruwe, hasa mkesha wa mwaka mpya, punje zikiwa mfano wa sarafu. Sisi hatuli nguruwe, kwa hiyo weka uyoga wa kukaanga.

Ukinunua tena, tafuta alama ya IGP, ile ya Umoja wa Ulaya ya bidhaa za mahali maalumu, inayolinda jina hilo tangu 1997, na uangalie mwaka wa mavuno: zilizokaa sana hazilainiki sawasawa hata ukizidisha muda.

Mama yako