Jibu: Kampeni za mtandaoni zinagusa sera ya tabianchi kweli?
Dada, umeuliza kama kelele za mtandaoni zaweza kubadilisha sera. Zaweza, zikielekezwa pahali. Lamu, leseni ya mtambo wa makaa ya mawe ilifutwa Juni 2019 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hashtegi zilikuwepo, lakini kilichoua mradi ni kesi mahakamani.

Kwa hivyo bunge la kaunti likiita maoni (Katiba ya Kenya, kifungu cha 196, inalilazimisha kushirikisha umma), rusha sauti ya dakika moja kwa WhatsApp, Kiswahili chetu hiki, si waraka wa kurasa 60. Sisi wa Tudor, Mombasa, tuliweka picha ya maji ya bamvua yaliyoingia jikoni kwa jirani, sufuria zaelea. Waliouliza "barua twapeleka wapi?" waliwashinda kwa wingi waliobonyeza laiki tu. Basi anwani ya kupeleka maoni na siku ya mwisho ziandike juu kabisa.