Darasa la Bwana Brown na hoteli ya Basil: maswali yenu kuhusu vichekesho vya zamani vya Uingereza

Wiki mbili zilizopita niligusia, kwa kupita tu, zile jioni ambazo nyumba nzima ilikaa mkekani mbele ya televisheni isiyo na rangi huku kijana mmoja akiwa juu ya bati anazungusha antena, na sisi tuliokuwa ndani tukimpigia kelele, "Hapo hapo! Usiiguse tena!" Sikujua kwamba nimechokoza nyuki. Barua zilizofika zinashinda hata zile za bei ya sukari, na nimechagua chache ambazo naweza kuzijibu bila kubahatisha.

*Shikamoo mzee. Marehemu baba yetu, kila alipochelewa kurudi nyumbani, alisimama mlangoni na kuomba radhi elfu moja kwa Kiingereza huku ameviunganisha viganja kifuani. Mama anasema aliyaiga hayo kwenye kipindi cha darasa. Ni kipindi gani, na mbona hakionyeshwi tena?* Binti wa Nakuru.

Marahaba, binti yangu. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mfuasi wa Ranjeet Singh, Kalasinga mfanyakazi wa reli ya chini ya ardhi ya London katika kipindi cha Mind Your Language, kilichotungwa na Vince Powell na kurushwa na kampuni ya LWT kuanzia mwisho wa mwaka 1977 hadi 1979. Kisa chenyewe ni chepesi: mwalimu kijana aitwaye Jeremy Brown anafundisha Kiingereza darasa la jioni la watu wazima waliotoka kila pembe ya dunia, na mkuu wa shule, Bi Courtney, ambaye tangu mwanzo hakumtaka mwalimu mwanamume, ana kipaji cha kufungua mlango wakati uleule ambao jambo linaonekana vibaya kuliko lilivyo. Basi hapo ndipo penye kicheko chote, na kilitosha kwa sehemu 29, kabla ya kipindi kusitishwa na Michael Grade, mkuu wa vipindi wa LWT, aliyeona kwamba kinawadhalilisha wageni. Katikati ya miaka ya 1980 kilifufuliwa kwa msimu mmoja, lakini moto ulikuwa umeshazimika.

Grade hakukosea sana. Nimekitazama tena mwaka huu, na yule Mjapani anayebandika "o" mwishoni mwa kila neno alinichosha kabla ya tangazo la kwanza, na Mchina anayefungua kitabu chekundu cha Mwenyekiti Mao kila akibishana hakunichekesha hata kidogo. Hata hivyo, Kenya ya miaka ya 1980, ambayo haikuwa na stesheni ya pili ya televisheni hadi 1990, ilikipenda kipindi hiki kupita kiasi, na nadhani sababu yake haifahamiki vizuri huko London. Sisi hatukukitazama tukiwa tumeketi upande wa mwalimu. Wengi wetu tulikuwa tumevalishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama uwanjani, tukakaa nacho hadi tumkamate mwenzetu tumvishe, na jioni tukachapwa sote tuliokivaa siku hiyo. Kwa watoto kama hao, kuwaona watu wazima wenye masharubu wakikivuruga Kiingereza mbele ya Mwingereza mwenyewe, na Mwingereza akaishia kushika kichwa tu bila ya kuchukua fimbo, lilikuwa jambo la ajabu na la raha isiyosemeka. Juan, Mhispania, alijibu kila swali kwa lugha yake na kutabasamu kana kwamba amepata alama zote. Nani kati yetu aliyewahi kuthubutu?

Na nikuongezee jambo moja la kumsimulia mama. Karibu wote wale hawakuwa walivyosemwa kuwa. Albert Moses, aliyemwigiza huyo Ranjeet wa baba yako, alizaliwa Sri Lanka. Mhispania alitoka Gibraltar. Mgiriki alikuwa Muarmenia mzaliwa wa Uturuki. Na yule Mfaransa mrembo aliyewafanya wenzake wasahau daftari, Françoise Pascal, alizaliwa Mauritius, karibu na sisi kuliko Paris.

*Nimehudumu katika hoteli za pwani kwa miaka 28 na sasa nimestaafu. Mwanangu ameniletea Fawlty Towers, kile kichekesho cha hoteli ya Basil, na nimeshindwa kulala. Je, hoteli ile ilikuwapo kweli? Mwenye hoteli mimi namfahamu, ila hakuitwa Basil.* Mhudumu mstaafu, Malindi.

Pole sana ndugu yangu, na sitakuuliza jina la huyo unayemfahamu. Hoteli ilikuwapo, au tuseme mwenyewe alikuwapo. Mwaka 1970 kundi la wachekeshaji la Monty Python lilifikia katika hoteli ya Gleneagles, mjini Torquay, kusini magharibi mwa Uingereza, wakati wa kupiga picha zao. Mwenye hoteli alimsuta mgeni mmoja, Mmarekani, kwa namna alivyoshika uma na kisu, na mkoba wa mwingine akautoa nje na kuuweka mbali kwa kushuku kuwa una bomu, kumbe ndani mlikuwa na saa ya kuamshia inayogonga tik-tik. Wachekeshaji wengine wakahamia hoteli nyingine. Mwenzao John Cleese yeye akabaki, mkewe Connie Booth akamfuata, na wakakaa wakimwangalia yule bwana kama mvuvi anavyoiangalia chambo ikitikisika. Wawili hao ndio walioandika kipindi, naye Booth akaigiza Polly, mhudumu pekee mwenye akili zake timamu pale.

Zilitoka sehemu 12 tu: sita mwaka 1975 na sita mwaka 1979, na kufikia awamu ya pili waandishi walikuwa wameshaachana, jambo ambalo halikuwazuia kuandika pamoja ugomvi wa mume na mke ulio bora kuliko wote katika televisheni ya Uingereza. Wengi hushangaa kwa nini waliacha, ilhali kila mtu alitaka zaidi. Tazama sehemu moja kwa makini utaelewa. Uongo mdogo unasemwa dakika ya tatu, labda Basil amecheza kamari ya farasi na hataki mkewe Sybil ajue. Uongo huo unahitaji wa pili wa kuushikilia. Na ifikapo dakika ya ishirini na tano kila mtu aliyepita mbele ya kaunta, hata mgeni kiziwi aliyelalamikia chumba chake, amekuwa tofali katika ukuta unaomwangukia Basil. Kazi ya namna hiyo haiandikwi kwa wiki moja, na si rahisi kuirudia mara mia.

Wewe uliyebeba sinia kwa miaka 28 utakuwa umemwangalia zaidi Manuel, mhudumu kutoka Barcelona, anayepigwa makonzi kwa kosa la kutoelewa amri ambayo hata aliyeitoa haielewi. Andrew Sachs, aliyemwigiza, alizaliwa Berlin mwaka 1930, na familia yake ilikimbilia Uingereza kuwakwepa Wanazi. Kiingereza alikijua barabara. Alichokuwa akikitafuta kila wiki ni namna ya kukiharibu. Na maumivu hayakuwa ya kuigiza wakati wote, kwani katika sehemu ya moto wa jikoni, dawa waliyoipaka kwenye koti lake ili litoe moshi ilimuunguza kweli. Kuhusu Basil kulichapa gari lake kwa tawi la mti kwa sababu limekataa kuwaka, hilo nakuachia. Najua pale Malindi umeona makubwa zaidi.

*Ni nani wanaocheka ndani ya televisheni? Mke wangu anasema ni mashine.* Msomaji wa Morogoro.

Kwa vipindi vingi vya Uingereza vya wakati ule, ni watu. Walipewa tiketi za bure, wakaketi kwenye viti vilivyopangwa mbele ya seti, akatangulia mchekeshaji wa kuwapasha moto, kisha waigizaji wakacheza mbele yao kama tamthilia ya jukwaani. Mandhari ya nje yaliyopigwa picha mapema waliyaona kwenye skrini za studio, na kicheko chao kikarekodiwa hapohapo. Ndiyo maana utamwona mwigizaji anasita kidogo na kikombe mkononi, anangoja kicheko kipungue ndipo aendelee. Mwambie mkeo kwamba mashine zilikuwapo pia, hasa Marekani, ili kusiwe na mshindi nyumbani.

*Watoto wangu hawamjui yeyote ila Mr. Bean. Mkubwa anauliza ule wimbo wa kanisani mwanzoni unasema nini, na mimi nimemjibu kwamba ni dua.* Mama wa watatu, Muscat.

Si dua, mama. Ni Kilatini, kilichotungiwa muziki na Howard Goodall, na maana yake ni kwamba, tazameni, huyu hapa mtu ambaye ni haragwe. Sehemu za awali zilikuwa 15 tu, kuanzia siku ya mwaka mpya wa 1990 hadi 1995, na kwa kuwa Bean hasemi ila kwa kuguna, haikuhitajika tafsiri popote. Rowan Atkinson, anayemwigiza Bean, alisomea uhandisi wa umeme, mpaka Oxford. Mwelezee mkubwa hilo la uhandisi, asije akadhani kufuli lile ambalo Bean hufungia mlango wa gari lake liliwazwa na mjinga.

*Marehemu babu alipigana Burma akiwa na KAR, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki. Siku moja alionyeshwa wazee wa Kiingereza wanaocheza kwata na mafagio, akaondoka sebuleni kwa hasira. Je, kile kilikuwa kichekesho au dharau kwa askari?* Mjukuu wa askari, Songea.

Kile ni Dad's Army, cha Jimmy Perry na David Croft, sehemu 80 kati ya mwaka 1968 na 1977. Namwelewa babu, maana aliyevuka mito ya Burma na mzigo kichwani hana sababu ya kumchekea meneja wa benki anayejipa ukapteni. Lakini jeshi lile lilikuwapo kweli. Mei 1940, Wajerumani walipokuwa wakiimeza Ufaransa, Uingereza iliwaita raia waliobaki nyumbani wajiandikishe kulinda pwani yao, na mwanzoni silaha zilikuwa haba hata wengine wakajifunza kwa fimbo na mafagio. Perry mwenyewe alikuwamo akiwa kijana.

Anayechekwa pale si askari, ni ukubwa wa Kapteni Mainwaring. Sajini wake, ambaye pia ni karani wake benki, ametoka katika ukoo wa juu na kusoma shule nzuri zaidi, naye kila akitoa amri anaitoa kama mtu anayekaribisha wageni chai. Kijana Pike, karani mdogo, huja vitani na skafu aliyofungwa na mama yake. Katika sehemu moja ya mwaka 1973, nahodha Mjerumani aliyetekwa anaandika majina ya wote watakaoadhibiwa Ujerumani ikishinda. Pike amemwimbia wimbo wa kumkejeli Hitler, nahodha anauliza jina lake, na Mainwaring, kwa uchungu wa kumlinda kijana, anamkataza asilitaje, huku akimwita kwa jina hilohilo. Nimeiona mara zisizopungua ishirini na bado natafuta mahali pa kuweka kikombe.

Laiti babu angekaa kidogo, ningemwonyesha yule mzee mpole kuliko wote, Godfrey, anayeomba ruhusa kila saa aende msalani. Aliyemwigiza ni Arnold Ridley, mzaliwa wa 1896, aliyejeruhiwa vibaya katika mapigano ya Somme ya vita vya kwanza vya dunia na bado akarudi jeshini vita vya pili. Nadhani wangeelewana, hata bila ya mkalimani.

*Natafuta sehemu zote za vipindi hivi na naambiwa nyingine hazipo duniani. Zimeliwa na panya?* Kijana wa Kigoma.

Zimeliwa na mhasibu. Kanda za video za wakati ule zilikuwa pana, nzito na ghali, na zilifutika. Mikataba na waigizaji haikuruhusu marudio mengi. Na rangi ilipoingia, nani angetaka kutazama tena picha zisizo na rangi? Basi BBC ikafuta na kurekodi mambo mengine juu yake, mazoea yaliyodumu hadi miaka ya 1970. Sehemu tatu za msimu wa pili wa Dad's Army hazijapatikana hadi leo. Kilichosalimika kilisalimika mara nyingi kwa sababu nakala za filamu ziliuzwa nje, zikazunguka kutoka stesheni ya nchi moja hadi nyingine. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu tisa zilizopotea za Doctor Who, kipindi kingine cha BBC, zimekutwa Nigeria, katika stesheni ya Jos, ndani ya makopo yaliyopigwa vumbi la miaka mingi. Kwa hiyo kama una mjomba mtunza stoo katika stesheni yoyote kongwe, mtembelee, na uende na tambara.

*Mzee, Wahispania wenyewe walimpokeaje yule Manuel? Na kama Fawlty Towers ingetiwa sauti za Kiswahili, angekuwa mtu wa wapi?* Msomaji wa Lamu.

Wahispania walikuwa werevu. Katika tafsiri yao Manuel alikoma kuwa wa Barcelona, akawa Mwitaliano wa Naples aitwaye Paolo. Na Wakatalani, ambao Barcelona ni mji wao, wakamfanya Mmeksiko. Kila mtu alimsukumia jirani. Ama kwa Kiswahili, swali lako nimelisoma mara tatu nikitafuta mtego, na mtego nimeuona. Nina shemeji Unguja, mkwe Pemba, dada kaolewa Lamu kwenu, na wote wanasoma safu hii. Manuel abaki Mhispania.