Usaili wa Uzamivu: Nisafiri au Nihojiwe kwa Simu?

SWALI: Mhariri, salamu. Mimi ni binti wa miaka 24. Nimeomba nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu katika baiolojia ya molekuli kwenye chuo kikuu kimoja mjini Boston, Marekani, na nimeitwa kwenye usaili mwezi wa Februari. Idara imeniandikia kwamba naweza kwenda mwenyewe, nao watanilipia malazi na nauli ya ndani ya Marekani tu, au nihojiwe kwa simu. Ami yangu anashikilia kwamba mwenye haja hufuata haja yake, na yuko tayari kukopa kwenye chama ili nipate tiketi ya ndege. Nachelea kwamba nikichagua simu nitaonekana sina hamu. Nifanyeje? — Msomaji, Kisauni, Mombasa

JIBU: Chagua simu, dada, na umwombe ami yako kwa heshima asichukue mkopo huo. Idara inajua vyema kwamba uko Mombasa, na kama ingewapima waombaji kwa uwezo wa kununua tiketi, isingekupa njia ya pili. Watakaokuhoji wanataka kusikia jinsi ulivyofanya utafiti wako, kwa nini ulitumia mbinu hiyo na si nyingine, na ulifanya nini majaribio yalipokwama. Hayo yote husikika kwenye simu.

Sababu inayonisukuma zaidi, hata hivyo, ni viza. Ili uende ungelazimika kuomba viza ya ziara katika Ubalozi wa Marekani, Nairobi, kwa ada ya dola 185 ambayo hairudishwi hata ukinyimwa, na mhitimu kijana asiye na kazi hupata taabu kumthibitishia afisa kwamba atarudi nyumbani. Ukinyimwa, fomu ya viza ya mwanafunzi utakayoijaza miezi michache baadaye itakuuliza kama umewahi kukataliwa, nawe huna budi kusema kweli. Kukataliwa mara moja hakumfungii mtu mlango, ila sioni busara ya kujitwika mzigo huo kwa ajili ya ziara ya siku mbili. Ungekuwa tayari unaishi Marekani, ningekuhimiza uende bila kusita.

Liko jambo ambalo simu haitakupa. Masomo hayo huchukua miaka mitano au zaidi, na anayekwenda mwenyewe huiona maabara, hula pamoja na wanafunzi waliomo, na husikia wanavyomzungumzia msimamizi wao akiwa hayupo. Kwa hiyo iombe idara ikuunganishe na wanafunzi wawili au watatu wa maabara unayoitaka, kisha uzungumze na kila mmoja peke yake: msimamizi huchukua muda gani kusoma rasimu, na waliotangulia walimaliza baada ya miaka mingapi? Muda wa kuuliza upo, kwa kuwa vyuo vikuu vingi vya Marekani vimekubaliana, kupitia Council of Graduate Schools, yaani jumuiya ya vyuo vinavyotoa shahada za uzamili na uzamivu, kutomlazimisha aliyeahidiwa ufadhili kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili.

Uliza pia kama mazungumzo yanaweza kuwa ya video, maana kwa sauti tupu ni vigumu kujua kama msaili amenyamaza kwa kutafakari au mtandao umekatika. Kuhusu saa, uwe mwangalifu sana: mwezi wa Februari Boston iko nyuma yetu kwa saa nane, hivyo saa nne asubuhi yao ni saa kumi na mbili jioni yako, Magharibi ikikaribia, na kama wewe ni mtu wa kusali usingependa kuhangaika kati ya sala na usaili. Omba saa mbili asubuhi yao, ambayo kwako ni saa kumi alasiri. Hakuna atakayeliona ombi hilo kuwa usumbufu. Weka kando simu ya pili yenye chaji na laini ya kampuni nyingine, na uwatumie namba yake mapema kwa barua pepe, ili stima ikipotea wajue pa kukupata.