Nimemfungia mfalme kila njia, kwa nini iwe droo?

SWALI: Kocha shikamoo. Jana nimecheza chesi na jamaa yangu ofisini, mimi nilikuwa mweupe. Nilikuwa na askari wa safu za g na h pamoja na askofu wa viboksi vyeupe, yule wa g nikamtumia kula farasi wake wa mwisho (askofu naye angeweza kumla), mfalme wake akamla askari. Mwishoni yeye kabaki na mfalme tu kwenye kona ya h8, mimi mfalme g6, askari h6, nikamleta askofu d5. Jamaa hana pa kusogea, nikajua nimeshinda, yeye anasema droo. Tena eti alishafika zile muvu 50 za kudai droo, anahesabu tangu alipobaki na mfalme, hata niliposogeza h5 kwenda h6 aliendelea tu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Droo ni halali, pole sana.

Nahisi umetokea kwenye drafti, kule ukimbana mtu akakosa pa kwenda umemla, ila huku mfalme lazima awe amepigwa cheki, yaani kete yako inamshambulia, ndo iwe chekimeti. Wa jamaa yako hajaguswa na mtu, g7 na h7 umezikamata, g8 askofu kaiziba, na zamu ni yake, gemu inafia hapo hapo.

Ila usiilaumu sana ile d5 maana mlishakuwa droo kitambo. h8, pale askari wako anapotaka kugeuka malkia, ni kiboksi cheusi, askofu wako hawezi kukigusa hata mcheze mpaka alfajiri, jamaa atakuwa anapiga h8, g8, h8, g8, na ukimziba yanatokea hayo hayo. Askari wako angekuwa upande wa a, huyo huyo askofu angetosha kabisa kwa sababu a8 ni nyeupe. Kosa ni pale kwenye farasi, ungemla kwa askofu, hata mfalme wake akimla huyo askofu unabaki na g na h wanatembea bega kwa bega na mfalme nyuma yao, hiyo karibu kila mara ni ushindi.

Hesabu ya 50 ndo kakupiga changa la macho. Inaanza upya kila askari akisogea au kete ikiliwa, na ni muvu 50 za kila mmoja, haijali nani kabaki na nini. h6 yako ilimrudisha sifuri.

Pangeni tena hivyo hivyo, mfalme wake h8, ila askofu wako awe wa viboksi vyeusi na uanze wewe: askofu e5 cheki, anaenda g8, askari h7 cheki, anakimbilia f8, h8 unachukua malkia.