Masista, mabruda na wagonjwa: majibu ya maswali yenu

Si Florence Nightingale ndo alianzisha uuguzi?
Hapana bwana. Yeye aliupa mafunzo rasmi na heshima ya taaluma, ila masista wa Augustino walishauguza Hôtel-Dieu, hospitali ya kale ya Paris, karne nyingi kabla hajazaliwa. Na kwenye vita vya Crimea mwaka 1854 aliondoka na manesi 38, 10 kati yao masista wa Kikatoliki, akiwemo Mama Mary Clare Moore wa Masista wa Huruma, wakawa marafiki kabisa. Hiyo wengi wanairuka.

Kama watawa wa kike walitakiwa wakae ndani, walitokaje kwenda kwa wagonjwa?
Hapa ndo patamu. Baada ya Mtaguso wa Trento, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa karne ya 16, sheria ilikaza, mtawa wa kike asitoke monasterini, basi. Shirika la Visitasio lilianza 1610 likiwatembelea wagonjwa majumbani, miaka michache tu likafungiwa ndani kama wengine. Padre Mfaransa Vinsenti wa Paulo akasoma mchezo, 1633 yeye na Louise de Marillac wakaanzisha Mabinti wa Upendo halafu akawakazia wasijiite watawa, monasteri yao ni nyumba za wagonjwa na ua wao wa ndani ni mitaa ya mji, nadhiri zenyewe wanaweka za mwaka mmoja mmoja wakimaliza wanarudia, na nguo ni za wasichana wa kijijini. Kisheria hapo hakuna pa kuwashika! Mimi naona ule ujanja umesaidia wagonjwa kuliko hotuba nyingi.

Wanaume je, walikuwepo?
Sana tu. Yohane wa Mungu kule Granada aliwahi kufungwa na kuchapwa kwenye wodi ya vichaa, ndo maana hospitali yake ilikuwa na huruma. Camillo de Lellis naye alikuwa mwanajeshi mcheza kamari mwenye kidonda cha mguu kisichopona, akalazwa Roma akaona wahudumu wa kulipwa wanavyowatelekeza watu, akaanzisha shirika lake, Papa akalikubali 1586. Msalaba mwekundu kifuani ulikuwa wao, Red Cross imekuja 1863.

Ni kweli masista walikatazwa ukunga?
Ndiyo, ruhusa rasmi ilitoka Roma 1936. Daktari Anna Dengel alishaanzisha shirika la masista wa tiba tangu 1925, ila ilibidi waanze bila nadhiri za hadharani, maana katazo liliwabana walioziweka.