Maswali ya wasomaji: Kumwezekea jirani asiye na uwezo

*Bwana Yesu asifiwe. Vijana wa usharika tumechanga ili tumwezekee mama mjane nyumba yake ya miti na udongo, mita 6 kwa 4. Nyasi zimeoza. Tununue bati ngapi, na tufanyeje paa lisiezuliwe na upepo kama la jirani yake? (Katibu wa vijana, Makete)*

Amina. Kabla ya kwenda dukani, chukueni kisu mzunguke nyumba. Fukueni udongo kidogo kwenye shina la kila nguzo, kisha chomeni. Kisu kikizama kama kwenye muhogo uliochemka, nguzo hiyo imekwisha, hata kama juu inaonekana nzima. Mchwa na unyevu hula mti kwa chini, pale unapoingia ardhini. Tegemezeni paa kwa magogo, mbadilishe nguzo moja moja. Fedha za kazi hii zitengwe kwanza, maana bati jipya juu ya nguzo zilizooza litaanguka pamoja nazo.

Sasa hesabu. Mkiacha paa litokeze sentimita 60 mbele na nyuma, na sentimita 30 kila ubavuni, urefu wa paa ni mita 6.6. Kwa mwinuko wa wastani, upande mmoja utashuka karibu mita 2.8, kwa hiyo bati la futi 10 linatosha bila kuunga. Baada ya kulaliana, bati la kawaida hufunika kama sentimita 75. Pimeni la kwenu dukani, kwani upana hutofautiana. Hapo mnahitaji bati 9 kila upande, yaani 18, na moja la akiba. Kofia za kufunika kilele cha paa, za mita 2, ziwe 4. Papi, yaani mbao za kupigilia bati, za inchi 2 kwa 2, ziwe mistari minne kila upande, jumla mita 53 hivi. Ongezeni kidogo kwa ajili ya maungio. Misumari ya bati ifike 300. Kumbukeni kwamba namba ya geji, kipimo cha unene wa bati, ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 32 ni rahisi kununua na rahisi kupasuka penye msumari. Afadhali msubiri mavuno mnunue geji 30.

Msipigilie bati juu ya fito za zamani za nyasi. Hazikunyooka, msumari haushiki, na bati litapigapiga usiku kucha.

Kuhusu upepo: paa haliezuliwi kwa sababu bati ni jepesi tu. Upepo huingia chini ya ukingo ukalisukuma kutoka ndani, na mara nyingi kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, zinakuwa zimekalia ukuta kwa misumari miwili tu. Fungeni kila kenchi kwenye nguzo iliyo chini yake kwa waya wa kufungia, mikunjo minne, mkaze kwa koleo. Papi nazo zifungwe kwenye kenchi. Msumari wa bati upigwe kwenye mgongo, kamwe usipigwe bondeni, maana bondeni ndiko maji yanakopita. Mkono uwe mwepesi: kofia ya msumari ikishagusa, inatosha, ukizidisha, mgongo unabonyea na maji yanatuama. Ukingoni na chini ya kofia za kilele, pigeni kila baada ya mgongo mmoja, kwani huko ndiko upepo unakoanzia. Anzeni kuezeka upande ule upepo unakoelekea, mkirudi unakotoka, ili maungio yaupe mgongo.

Fanyeni kiangazi, na mbao ziwe zimekatwa na kupimwa tangu jana yake. Mama na watoto wasilale nje kwa sababu yetu.

*Tuliipiga lipu ya saruji nyumba ya udongo ya mzee mmoja. Mwaka haujaisha inabanduka vipande vipande. Tulikosea wapi? (Mzee wa kanisa, Mufindi)*

Udongo hutanuka ukilowa na kusinyaa ukikauka. Saruji haifanyi hivyo, basi vinaachana. Maji yakipenya kwenye ufa, yanakwama nyuma ya lipu na kuula ukuta bila mtu kuona. Banduani yote, mkandike upya kwa udongo. Wa kichuguu unafaa sana. Changanyeni na mchanga na nyasi kavu zilizokatwa urefu wa kidole, muuloweshe siku tatu mkiukanyaga. Jaribuni viraka vitatu ukutani, kila kimoja na kipimo chake cha mchanga. Kinachopasuka kimepungukiwa mchanga. Kinachopukutika ukikisugua kimezidishiwa. Saruji itumieni chini: jengeni ukingo wa mawe wa sentimita 30 kuzunguka nyumba, mchimbe na mfereji wa kupeleka maji mbali.

*Je, tunahitaji karatasi yoyote kabla ya kukarabati? (Msomaji, Ludewa)*

Ndiyo, hasa kwa mjane. Nyumba ikipendeza, shemeji wanaweza kujitokeza kuidai. Kaeni na ukoo kabla ya msumari wa kwanza, muandike muhtasari unaosema nani ataishi humo, usainiwe na ndugu wa marehemu na mwenyekiti wa kitongoji, na nakala ibaki kwa mtendaji wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi, kwa hiyo msaidieni pia kuomba hatimiliki ya kimila kwa jina lake. Ukoo ukikataa kusaini, msipeleke bati kwanza. Pelekeni shauri kwa baraza la ardhi la kijiji.